Kona ya Kwanza Baada ya Malindi

Koplo Issa alikuwa na kesi iliyokwisha kuiva, na kwa maoni yake kilichobaki ni kupakua tu.

"Sababu tunayo, afande. Vitisho tunavyo, na mashahidi wa vitisho wako sokoni pale wanauza karoti. Pikipiki ilitoka mikononi mwake Ijumaa, Jumamosi mtu amekufa. Tena chini ya kitanda chake tumekuta hili." Akaweka mezani kopo la bati lenye kifuniko cha kuzungusha. "Mafuta ya breki. Nchi nzima hayapatikani, lakini yeye analo kopo. Ameyatoa kwenye pikipiki ya marehemu."

Inspekta Hoza hakuligusa kopo. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mrefu, mwenye subira ya kuudhi, na alikuwa ametumwa kutoka Tanga kwa kazi ndogo tu: asome jalada, atie sahihi, arudi na mtuhumiwa akasomewe shtaka la mauaji. Shtaka hilo likisimama, mwisho wake ni kamba. Hoza hakupenda kusaini jalada jembamba, na hili lilikuwa jembamba mno kwa uzito wa kamba.

Jalada lilisema hivi. Timotheo Shemndolwa, katibu wa mradi wa mboga wa vijiji vya ujamaa vya huku juu, alishindwa kona chini ya kijiji cha Malindi. Pikipiki ya mradi iligonga mti wa mgrivea ukingoni, yeye akarushwa bondeni, akafia hapo hapo. Siku iliyotangulia pikipiki hiyo ilikuwa kwa Shabani Kilua, fundi wa pale pale mjini Lushoto, ikitengenezwa breki ya mbele. Na Shabani alikuwa na kinyongo cha wazi, kwa sababu bonde la kabichi la mama yake huko Kwai lilikuwa limeingizwa katika shamba la kijiji, na aliyetia sahihi alikuwa Timotheo. Mwezi mmoja kabla ya ajali, fundi huyo alisimama katikati ya soko akasema kwamba katibu siku moja atashuka mlima bila breki, tuone kama Azimio la Arusha litamdaka.

"Mdomo uliponza kichwa," alisema Koplo Issa.

"Mdomo haufungui bolti. Twende tukaione pikipiki."

Barazani, kwenye benchi la wenye shida, alikaa mzee mmoja mwenye koti jeusi la kanisani, kofia mapajani. Koplo alimnong'oneza Inspekta kwamba huyo ndiye baba wa marehemu, Mzee Nathanaeli. Tangu mazishi alikuwa anateremka kila asubuhi na lori la mboga kutoka Malindi, anakaa pale mpaka lori lirudi mchana. Hapigi kelele wala hamtukani mtu. Anakaa tu, na kukaa kwake kuliwasumbua askari wa kituo kile kuliko simu zote za wilayani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyetoka Tanga?"

"Ndiye mimi. Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa. Mnampeleka lini?"

"Nikimaliza kuuliza."

"Limebaki la kuuliza?" Mzee hakupandisha sauti. "Timotheo alikula kwangu mchana ule. Aliondoka mzima, ameshiba, anacheka. Ugali haujapoa sufuriani, watu wananijia mbio. Yule kijana aliapa mbele ya soko zima, na alichokiapa kimetokea. Mimi sina mtoto mwingine wa kiume, Inspekta. Msinichoshe."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mzee, najua. Lakini haraka nayo imeshanyonga wasiohusika."

Mzee Nathanaeli akageuza uso akatazama barabara. Hoza alimwonea huruma, na kwa kuwa huruma si ushahidi, akaenda zake nyuma ya kituo.

Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani chini ya turubai. Usukani ulipinda na taa ilikuwa imepasuka, ila gurudumu la mbele lilikuwa zima. Ilikuwa ya Kijapani, mpya, na kwa mlima ule ilikuwa kitu kigeni. Pikipiki nyingine zote za Lushoto zilikuwa na breki za waya, sawa na baiskeli. Hii breki yake ya mbele ilikuwa ya mafuta. Juu ya usukani kulikuwa na kikopo kidogo cha mafuta. Mtu akibana mkono wa breki, mafuta husukumwa kupitia mpira mpaka chini kwenye chuma ambacho mafundi hukiita kalipa, na ndani ya kalipa kuna pistoni inayozisukuma pedi mbili zibane sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu.

"Ulipofika kwenye ajali uliijaribu?" Hoza aliuliza.

"Nilibana mkono, afande, ukalala mpaka kwenye usukani. Haina kitu. Nikaandika kwamba breki haifanyi kazi, mafuta yametolewa."

"Ulibana mara ngapi?"

Koplo Issa alifikiri. "Kitu kimekufa, afande. Unakibana mara ngapi?"

Hoza akabana mkono wa breki. Ukalala. Akaachia, akabana tena. Ukalala, lakini safari hii haukufika chini. Akaendelea kubana na kuachia bila haraka, mpaka mkono ukasimama katikati na kuwa mgumu. Akaisukuma pikipiki huku ameubana. Gurudumu la mbele likagoma kabisa.

"Imepona?" Koplo alishangaa.

"Haikuwa imekufa."

Alifungua kifuniko cha kikopo. Mafuta yalikuwemo, rangi ya chai iliyokolea, pungufu kidogo tu ya mstari. Akaagiza sahani nyeupe ya bati kutoka jikoni kwa askari, akadondosha humo tone la pikipiki, na kando yake tone la kopo la Shabani. La pili lilikuwa jeupe kama maji ya kisima.

"Haya ya kopo hayajapita kwenye breki ya mtu yeyote," Hoza alisema. "Sasa tazama tangi la petroli."

Upande wa kulia, chini kidogo ya kikopo, rangi ya tangi ilikuwa imefura na kubambuka. Mafuta ya breki yakigusa rangi huila. Hilo hata Koplo alilijua, na uso wake ukachangamka.

"Si nilisema, afande? Yalimwagwa."

"Mtu anayetaka kuyamwaga angefungua mpira kule chini kwenye gurudumu. Kule chini rangi ni nzima. Haya yametoka juu. Niletee fundi."

Shabani Kilua aliletwa amefungwa pingu, na pingu hazikumpunguzia maneno.

"Ndugu Inspekta, mimi nikitaka kumuua mtu siwezi kutumia kazi yangu. Nani ataniletea pikipiki tena? Ningempiga jiwe."

"Kopo limetoka wapi?"

Fundi aliangalia pingu zake.

"Mficha uchi hazai, Shabani. Umeulizwa mauaji, wewe unaficha magendo?"

"Limetoka kijiji cha Mnazi," alisema hatimaye, shingo upande. "Wachunga mbuzi wamelivusha mpakani kutoka Kenya. Haya, niongezeeni na kesi hiyo. Madukani hamna, mradi hauna, wilaya haina. Nifanyeje? Nalitunza kopo lile kuliko macho yangu, ndiyo maana kwenye kazi yangu halidondoki hata tone."

"Nieleze. Ijumaa ulifanya nini, mwanzo mpaka mwisho."

Hapo Shabani alikaa sawa. Alikuwa mtu wa majivuno, na sasa alikuwa ameulizwa jambo la kujivunia.

"Breki ilikuwa inakwaruza. Pistoni imeshika vumbi. Fundi mvivu angefungua mpira, mafuta yote yamwagike, halafu ajaze mengine. Mimi mpira siugusi. Nafungua bolti za kalipa tu, naitoa kwenye sahani pamoja na mpira wake, naining'iniza kwa waya ili isivute. Natoa pedi. Nabana mkono wa breki kidogo kidogo pistoni itokeze, na mbele yake naweka kabari ya mti iizuie, maana ikichomoka yote umekwisha, mafuta yako chini. Nasafisha kingo zake kwa kitambaa na spiriti. Kisha naisukuma irudi ndani kwa dole gumba. Taratibu, na macho yako juu kwenye kikopo, kwa sababu pistoni ikirudi na mafuta yanapanda. Yakitaka kufurika nayafyonza kwa bomba la sindano."

"Halafu?"

"Nafunga kila kitu, nabana mkono mpaka ugumu."

"Kwa nini?"

Shabani alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anameza baada ya kutafuna. "Pistoni si imerudi ndani? Ukibana mara ya kwanza haijazifikia pedi. Ya pili bado. Inakuja kidogo kidogo. Usipoibana hapo fundi alipo, utaibana barabarani, na barabara yetu hii haikupi nafasi ya pili."

"Na Ijumaa uliibana?"

"Niliibana. Timotheo mwenyewe akaipanda, akazunguka nayo uani, akafunga breki mpaka mkia ukanyanyuka. Akaniambia, Shabani, una mdomo mchafu lakini mkono wako safi. Tukacheka." Akamgeukia Koplo. "Hilo nililisema. Hukuliandika."

"Halina shahidi," Koplo alijibu.

Hoza alimwonyesha tangi. Shabani alilitazama, akasahau kwamba ni mahabusu.

"Nani ameniharibia kazi yangu? Nilikiacha kikopo kimejaa mpaka mstari. Haya yamefurika. Mtu ameirudisha pistoni ndani kwa nguvu bila kutazama juu."

Hoza akamfungua pingu, akampa spana, akasimama karibu. Pedi zilipotoka zilikuwa na mikwaruzo mipya, mirefu, inayong'aa.

"Bisibisi," alisema Shabani. "Mimi pale siingizi chuma."

"Anaweza kuwa ameingiza yeye, afande," Koplo alisema, na hakukosea kusema hivyo.

"Anaweza. Shabani, kwa nini mtu mwingine airudishe pistoni?"

"Kama ametoa gurudumu. Gurudumu likitoka, sahani nayo inatoka katikati ya pedi. Sasa ukijisahau ukagusa mkono wa breki, pedi zinafungana, na gurudumu haliingii tena. Asiyejua anazitanua kwa bisibisi."

"Wewe ulitoa gurudumu?"

"Kalipa haidai gurudumu litoke."

"Na linatolewa kwa sababu gani?"

"Pancha," walisema Shabani na Koplo Issa kwa pamoja, na Koplo akaonekana kujutia.

Walilitoa tairi. Kwenye mpira wa ndani palikuwa na kiraka kimoja, chekundu, kilichokatwa kutoka mpira wa baiskeli. Kingo zake zilikuwa zimeparuzwa kwa uangalifu, na kilikuwa kimeshika barabara.

"Si changu, mimi natumia cheusi," alisema Shabani. Akakipitishia kidole. "Ila aliyekibandika ana mkono mzuri."

Hoza aliagiza gurudumu lirudishwe, mkono wa breki ubanwe mpaka ugumu, kikopo kijazwe tena mpaka mstari kama Ijumaa, pikipiki ipakiwe kwenye Landrova, na fundi apande nayo nyuma, na pingu zake. Koplo Issa akashika usukani. Lori la mboga lilikuwa limekwisha kurudi, na benchi la barazani lilikuwa tupu.

Walipanda kwa njia ya Magamba. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya misitu, na barabara ilikuwa na utelezi wa udongo mwekundu. Kila walipofika kwenye kona Hoza aliuliza, "Mtu wa pikipiki hapa angeshika breki?" na kila mara Koplo alijibu, "Angeshika, afande, asiposhika ataipata habari yake." Nyuma, Shabani alikuwa akiwaeleza sauti ya injini yao ilivyo mbovu.

Kwenye mgrivea wenye jeraha Hoza alisimamisha gari akashuka. Kona ilikuwa kali, bonde liko wazi upande wa nje. Alitazama kule juu ambako marehemu alitokea. Kutoka nyumba za kwanza za Malindi mpaka pale alipokuwa amesimama, barabara ilikuwa imenyooka, na mteremko wake ulikuwa mpole.

"Uliandika kwamba ulikuta alama moja ndefu, ya gurudumu la nyuma."

"Ndiyo, afande. La mbele halikuwa na alama."

"Alikanyaga breki ya nyuma peke yake, likateleza. Ya mbele aliibana haikushika. Sasa niambie, kutoka nyumba zile mpaka hapa, unashika breki wapi?"

Koplo Issa alitazama juu, akatazama chini. "Hapana pa kushika. Unaachia inakwenda."

"Kwa hiyo hii ndiyo kona ya kwanza. Na asubuhi ya siku hiyo alipanda kutoka Lushoto, kona zote hizo ulizonijibu, na breki yake ikamshika."

"Basi iliharibika akiwa Malindi."

"Haikuharibika. Pistoni ilirudishwa ndani akiwa Malindi, na hakuna aliyebana mkono. Angewahi kuubana mara kadhaa breki ingeshika, lakini kona ikamwahi." Hoza alijipangusa matope viatuni kwenye majani. "Malindi, anayeziba pancha za baiskeli ni nani?"

Koplo Issa alivua kofia. Alikuwa mtu wa haraka lakini hakuwa na roho mbaya.

"Ni Mzee Nathanaeli, afande. Zamani alikuwa mwinjilisti, akizunguka vijiji vyote hivi kwa baiskeli. Watu wanampelekea mpaka leo."

"Afande," Koplo alisema kwa sauti ndogo, "kesi inaweza kufungwa tu. Ushahidi hautoshi, tunamwachia huyu, na yule mzee hajui kitu. Itampunguzia nini kujua?"

"Mimi nikiachiwa inatosha," Shabani alisema. "Yule baba msimwambie."

Hoza alikuwa na kipimo kimoja tu katika kazi ile, ukweli, na siku hiyo alikichukia.

"Ukiachiwa kwa kukosa ushahidi," alimwambia fundi, "soko lote litasema umeponyoka. Utazeeka ukiitwa muuaji. Watu wa Malindi wamezika kijana wao, na baba yake anakuja kituoni kila siku kukudai. Siku moja mtu atasema serikali imeshindwa, acha tumalize sisi. Hapo nitakuja tena kutoka Tanga, na nitakuwa na maiti wawili. Panda gari."

Mzee Nathanaeli alikuwa uani kwake, katikati ya miplamu, miti yake ya matunda, amevua koti. Alipoona nani yuko nyuma ya Landrova alisimama wima.

"Huyo mnamleta kwangu?"

"Ni kwa amri yangu, Mzee, unisamehe. Atakaa kando. Nina swali la Jumamosi, na nimeleta pikipiki unisaidie. Timotheo alifika hapa na pancha?"

"Alifika nayo. Msumari. Yeye alikuwa na mkutano wa kijiji, akasema ataisukuma mpaka kwa fundi baadaye. Nikamwambia, utasukumaje na mimi baba yako nipo? Akaenda mkutanoni, mimi nikaziba."

"Hukutuambia."

"Mliniuliza breki. Tairi na breki wapi na wapi? Lilipasuka?"

"Halikupasuka. Kiraka ni kizuri sana."

Uso wa mzee ukalainika kwa mara ya kwanza. "Namshukuru Mungu kwa hilo. Aliporudi alikuta tayari, akanishika mkono akasema kwa lugha yetu, hongea tate, ahsante baba. Ndilo la mwisho nililomfanyia mwanangu, na nililifanya vizuri."

Koplo Issa aligeuka akaenda kuitazama miplamu. Hoza angependa kuwa naye huko.

"Nionyeshe, Mzee. Kila kitu kama ulivyofanya siku ile. Usiruke hata hatua."

Mzee alikubali kwa moyo, maana aliamini anawasaidia kumfunga mtu. Waliiweka pikipiki juu ya sanduku. Alilegeza nati, akachomoa ekseli, gurudumu likashuka mikononi mwake, akaligeuza na kulilaza chini. Pikipiki ikayumba. Akaudaka usukani haraka isianguke, jinsi mtu anavyodaka baiskeli, na vidole vyake vikakamata usukani pamoja na mkono wa breki. Hakutambua kwamba ameubana. Hoza aliona, Shabani naye, kule kwenye gari, aliona.

"Hapa nilitoa mpira nikaziba," mzee alisema. "Halafu nikarudisha gurudumu. Hapa palinisumbua." Sahani ilikataa kuingia kati ya pedi. "Unaona? Hata siku ile ilikataa hivi hivi." Akachukua bisibisi kutoka kwenye bati lake la vifaa, akaipenyeza, akazitanua pedi kwa nguvu ya viganja vyake viwili. Juu, kwenye kifuniko cha kikopo, mafuta yakajitokeza na kuchuruzika kwenye tangi. Mzee akachukua kitambaa akayapangusa. "Na haya maji nayo yalitoka. Nikadhani ni ya mvua."

Gurudumu likaingia. Alirudisha ekseli, akakaza nati, kisha akafanya kile ambacho kila mtengeneza baiskeli wa mlima ule hufanya akimaliza: akalizungusha gurudumu kwa kidole, akainama kulitazama kama linayumba. Lilizunguka limenyooka.

"Tayari."

"Hivi ndivyo ulivyomkabidhi?"

"Hivi hivi. Lilikuwa linazunguka vizuri kama hivi."

"Bana breki, Mzee."

Mzee Nathanaeli akabana. Mkono wa breki ukalala mpaka kwenye usukani bila kukataa. Akautazama. Akamtazama Hoza. Akabana tena, ukalala. Akalizungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto huku akibana kwa wa kulia, na gurudumu likaendelea kuzunguka tu. Alibana, akaachia, akabana, na mwishowe mkono ukasimama, gurudumu likasita kwa kishindo kidogo.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, alimsemesha Shabani.

"Wewe fundi. Ungekuwa wewe, ukishafunga gurudumu, ungefanya nini?"

Shabani aliinamisha kichwa.

"Nimekuuliza."

"Mjibu," alisema Hoza.

"Ningebana mkono, Mzee. Mpaka ugumu. Lakini Mzee, hiyo ni breki ngeni. Hata mimi nilionyeshwa. Nisingeonyeshwa..."

"Baiskeli haidai hivyo," alisema mzee.

"Baiskeli haidai," Hoza alisema. "Hakuna aliyekuambia, na hapakuwa na namna ya wewe kujua. Ni ajali. Ndivyo nitakavyoandika, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Andika. Mimi nilikuwa nakuja kwenu kila siku kuuliza ni nani. Sasa nimejibiwa."

Akakaa juu ya bati la vifaa akalia, si kwa sauti. Hoza alisimama pembeni yake na mikono yake mirefu isiyo na kazi. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akipepeta kitu, na hakuacha, kwa kuwa hakuwa amesikia.

Baadaye mzee alijifuta uso kwa kitambaa kile kile chenye mafuta, akanyanyuka.

"Mfungueni yule."

Koplo Issa alimtazama Inspekta. Kwa taratibu, mahabusu hufunguliwa kituoni, kwa maandishi. Hoza akatoa ufunguo mfukoni akampa.

"Mama yako alikuja hapa juzi," mzee alimwambia Shabani, pingu zilipokuwa zinatoka. "Kwa miguu kutoka Kwai. Alikuja kuniambia kwamba mwanawe hakuua. Sikumkaribisha hata maji. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba amezaa muuaji, na atoke uani kwangu."

"Aliniambia," alisema Shabani.

"Yuko nyumbani leo?"

"Yuko, Mzee."

Mzee Nathanaeli alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote. "Nipelekeni sasa hivi," alimwambia Hoza, "kabla sijaanza kuogopa."

Hoza alimfungulia mlango wa mbele, kiti cha wakubwa. Mzee akaupita, akaenda nyuma ya gari kwenye benchi la mahabusu, akanyoosha mkono ili avutwe juu. Shabani, ambaye alikuwa bado anajisugua vifundo vya mikono, aliutazama mkono ule, kisha akaushika kwa mikono yake miwili akamvuta.